Uzinduzi wa Dhiki Kuu

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kunifuata nyumbani na kuniuliza nilimaanisha nani. Katika nchi hiyo isiyokuwepo kulikuwa na milima, mito, bendera, na Rais aliyeitwa Mtukufu Mlinzi wa Saa. Watu wake walikuwa waungwana mno, wepesi wa kusimama wakisikia ving'ora na wepesi wa kupiga makofi hata pale msemaji alipokuwa amekohoa tu. Mimi nilikuwa ofisa itifaki wa Wilaya ya Kisalala. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila mkubwa anakaa kwenye kiti kinachomstahili, maji ya chupa yako mbele ya wanaostahili maji, na jua linawapata wale wasio na vyeo. Ni kazi yenye heshima, na niliipenda.

Mambo yalianzia kanisani, tena kwa nia njema. Watu wa nchi hiyo walikuwa wasomaji wa Maandiko, na kama wasomaji wote wa kweli, hawakukubaliana. Wapo waliosema kwamba siku za mwisho zikifika, waumini watanyakuliwa kwanza kwenda mawinguni, kisha Dhiki Kuu iwashukie waliobaki. Wapo waliosema hapana, dhiki kwanza, unyakuo baadaye, kwa kuwa Mungu hana desturi ya kuwatoa watu darasani kabla ya mtihani. Wa tatu walisema unyakuo utatokea dhiki ikiwa imefika nusu, na hawa walichukiwa na pande zote mbili. Miaka mingi ugomvi huo uliishia kwenye mahubiri. Kisha, katika mkutano mmoja wa injili makao makuu ya nchi, kwaya ya upande wa kwanza ilikutana na kwaya ya upande wa pili kwenye ngazi za jukwaa, na matari, ngoma na kinanda kimoja vikatumika kwa namna ambayo mafundi wake hawakuikusudia. Askofu mmoja aling'olewa meno ya mbele, na tangu hapo akawa hawezi kuitamka Dhiki sawasawa, ingawa ndiyo aliyokuwa akiitetea.

Mtukufu alihuzunika, akaunda Tume. Tume ilikwenda kukaa kwenye hoteli moja kando ya ziwa ili ipate utulivu wa kuwaza mwisho wa dunia. Ilikula samaki, ikawaza, ikaomba kuongezewa muda, na dunia nayo ikawa imeongezewa muda. Ilipotoka huko ilikuwa na uso mnono na jibu lililomfurahisha kila mtu. Ilisema pande zote ziko sahihi, kwa sababu unyakuo utakuwa wa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ya viongozi, nao watapanda kabla ya Dhiki, ili nchi isikose uwakilishi huko juu. Awamu ya pili ni ya wananchi, nao watapanda baada ya Dhiki, yaani wale watakaokuwa wamebaki.

Palikuwa na tatizo dogo moja. Maandiko yanasema waliolala makaburini ndio watakaofufuka kwanza, jambo ambalo lingewafanya marehemu wa kawaida wamtangulie Rais. Wizara ikatoa waraka kwamba wafu wataruhusiwa kufufuka, ila watasubiri kando ya makaburi yao mpaka msafara wa Mtukufu upite. Niliusoma waraka huo mimi mwenyewe, na kwa upande wa itifaki haukuwa na kasoro.

*

Wizara ninayoitaja ni Wizara ya Siku za Mwisho na Uratibu wa Dalili. Iliundwa siku ileile, na Waziri wake akawa Mheshimiwa Daktari Elifazi Mkongota, mtu wa sauti nzito na leso nyeupe, aliyekuwa na kipaji cha kulia hadharani bila kuharibu hotuba.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtangaza Mnyama. Wataalamu wake walikaa na jina la kiongozi wa upinzani, wakazipa herufi zake hesabu, na zilipopungua wakaongeza jina la babu yake na la mtaa anaokaa, mpaka ikapatikana ile namba inayotakiwa. Taifa likaambiwa Mnyama amepatikana, na likashukuru. Lakini baada ya muda kiongozi huyo aliamua kurudi chama tawala, akapokewa kwa shangwe, akavishwa shada la maua. Waziri alieleza kwa unyenyekevu kwamba hesabu zilikuwa zimekosewa kidogo. Nafasi ya Mnyama ikabaki wazi, ikawa inakaimiwa na mwenyekiti wa chama cha walimu.

Kazi ya pili ilikuwa dalili, na hapo ndipo wilaya yetu ilipoingia. Waziri aligundua kwamba mwisho unachelewa kwa sababu dalili zinatokea kiholela. Vita huku, tauni kule, tetemeko mahali pasipo hata barabara ya kulifikia. Alisema taifa makini haliwezi kuusubiri unabii utimie wenyewe kama nchi isiyo na mipango. Kwa hiyo kila wilaya itapewa dalili yake, na kila Mkuu wa Wilaya atapimwa kwa asilimia ya utekelezaji. Atakayefikisha asilimia mia ataingizwa kwenye awamu ya kwanza, yeye na mke wake.

Wilaya ya Mbwera, jirani zetu, ilipewa Tetemeko. Kila asubuhi wanafunzi wote walikusanywa uwanjani wakaruka kwa pamoja huku mtaalamu akiwa amelala kifudifudi na sikio chini. Wilaya nyingine ilipewa Fununu za Vita, na hiyo iliwatia wengine wivu, maana fununu hazihitaji bajeti. Sisi Kisalala tulipewa Njaa.

*

Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Hezroni Kitambo, aliipokea barua ya uteuzi wa dalili kwa mikono miwili, na uso wake ukaanguka. Kisalala haijui njaa. Udongo wake ni mweusi, mvua zake zina adabu, na mwaka ule mahindi na mtama vilikuwa vimekubali kuliko miaka yote. Aliitisha kikao akataka kujua nani amesababisha hali hiyo. Ofisa kilimo alisimama, akakiri kwamba alisambaza mbegu bora bila kufikiria athari zake kwa unabii. Alipewa onyo kali.

Lakini shina la tatizo, kikao kiliambiwa, lilikuwa kijiji cha Isonge. Huko wana desturi ya ghala moja. Baada ya mavuno kila nyumba hupeleka sehemu kubwa ya nafaka yake kwenye ghala lililojengwa ubavuni mwa kanisa, na kila Jumamosi ghala hufunguliwa na watu hupimiwa pishi. Hapaulizwi ulileta nini. Nyumba yenye mtoto mdogo au mgonjwa ndiyo hupimiwa kwanza. Ufunguo hukaa kwa mama mmoja mzee wa kanisa, maana waliwahi kumpa mwanamume zamani na nusu ya ghala ikaoa mke wa pili. Kwa desturi hiyo, hata katika mwaka mbaya hakuna nyumba ya Isonge iliyolala bila kupika, na vijiji vya jirani vilikuwa vimeanza kuiga. Ofisa mipango alikiita kitu hicho kikwazo cha kinabii.

Mama mwenye ufunguo alikuwa shangazi yangu, Zilpa Kamonde, dada wa baba yangu. Alikuwa mjane, mwembamba, mkali kwa kipimo. Hakumpunja mtu wala hakumjazia mtu, hata mimi. Mwanawe pekee, Damari, alifariki akamwachia mtoto wa kike, Keziah, ambaye hakuzaliwa na nguvu. Keziah alikuwa anatakiwa kula kidogo kidogo mara nyingi, uji wa mtama hasa, ambao ndio tumbo lake lilioukubali. Siku za Jumamosi alikaa juu ya gunia mlangoni mwa ghala na kuwaambia watu wapange mstari. Nilimpenda mtoto yule. Alinidhania kuwa mimi ndiye Mkuu wa Wilaya kwa sababu nilikuwa na viatu.

Mheshimiwa Kitambo alikwenda Isonge na gari la askari akaeleza mbele ya kanisa kwamba ghala litafungwa kwa kufuli la Serikali mpaka Waziri atakapokuja kukagua Njaa. Ni suala la muda mfupi tu, alisema, na akawaomba wananchi wautazame mchango wao katika mpango mzima wa Mungu.

Aliyesimama ni Mchungaji Obedi Ngalula. Alikuwa mtu wa maneno machache, mchungaji wa aina ambayo haina gari. Alisema yeye amesoma habari za siku za mwisho tangu ujana wake, na hajawahi kuelewa lini wala vipi, kwa kuwa imeandikwa kwamba saa ile hakuna aijuaye. Alichoelewa ni kwamba watu walitajiwa dalili ili zikija wasiogope na wasiachane. Kisha akamgeukia Mkuu wa Wilaya.

"Mheshimiwa," alisema, "Maandiko yanasema njaa itakuja. Hayasemi tuilete."

Mheshimiwa Kitambo alimsikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama tafsiri hiyo imesajiliwa. Haikuwa imesajiliwa. Mchungaji Obedi alipandishwa gari akapelekwa kwenye semina elekezi ya wachungaji, semina nzuri yenye chai, ambayo haina tarehe ya kufungwa.

Shangazi alitoa ufunguo. Walipouchukua waliona hauna kazi tena, kwa sababu kufuli la Serikali lilikuja na ufunguo wake, basi wakautupa kwenye nyasi.

*

Maandalizi ya ziara ya Waziri yaliniangukia mimi, na nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kuona njaa iliyopangwa vizuri kama ile. Wembamba niliwaweka mbele. Wanene niliwaweka nyuma ya turubai, na Bwana Shadraki mwenye bucha niliombwa nimshawishi asafiri kabisa. Tulifanya mazoezi ya kunyoosha mikono. Kwaya ilitunga wimbo wa maombolezo, na mwalimu wake alikasirika kwa sababu akina mama wa sauti ya pili walikuwa wanatabasamu.

Lakini kadiri mazoezi yalivyoendelea nilianza kuona kwamba watu wananyoosha mikono vizuri zaidi. Ziara iliahirishwa mara moja, kisha tena, kwa sababu Waziri alikuwa anahudhuria kongamano la Mihuri Saba, na kufuli liliendelea kukaa. Watu walikuwa wamemaliza kilichokuwa majumbani. Walianza kuchimba viazi pori kule bondeni, vile vichungu, vinavyotakiwa kuchemshwa na kumwagwa maji mara nyingi. Mtu mzima anaweza kuishi navyo. Keziah alivitapika.

Shangazi alinifuata ofisini. Alikaa kwenye benchi la wananchi, ingawa nilimsogezea kiti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, wewe unakaa na hawa watu. Waambie wafungue Jumamosi moja tu. Wasitupimie wote. Wapime pishi moja ya mtama, ya huyu mtoto."

Nilimwambia avumilie mpaka Waziri apite. Nilimwambia jambo hilo nimeshalipeleka panapohusika, na kweli nililipeleka. Nilizungumza na Mheshimiwa Kitambo akiwa kwenye chakula cha mchana. Alinisikiliza akiwa na huzuni ya kweli, nadhani, maana aliacha kutafuna. Akasema ghala likifunguliwa hata kwa pishi moja, takwimu ya Njaa itashuka, na ikishuka siku ya ukaguzi yeye atabaki chini na awamu ya pili. Akaniuliza kama mimi ningependa hivyo. Nikasema hapana, Mheshimiwa.

Hatimaye Waziri alikuja. Alipita mbele ya safu ya wembamba akitikisa kichwa, na alipofika kwa shangazi akamwona Keziah mgongoni mwake. Alisimama. Aligusa shavu la mtoto kwa kidole kimoja, na leso nyeupe ikatoka. Alisema ametembelea dalili nyingi nchini, na nyingine, hakutaka kuzitaja, zilikuwa za kubabaisha, lakini hii ni njaa yenye viwango. Watu walipiga makofi. Keziah naye alitaka kupiga akashindwa, mikono yake haikukutana.

Papo hapo Waziri aliitangaza Kisalala kuwa Wilaya ya Mfano, ambako Njaa itaendelezwa ili wengine waje kujifunza. Kufuli lisiguswe. Ufunguo aliondoka nao yeye mwenyewe, kwa usalama.

*

Wakaja wageni. Wakaja wakuu wa wilaya nyingine na madaftari, wakaja wahubiri wa redioni, likaja basi la mahujaji waliovaa fulana zenye baragumu kifuani, wakapiga picha na askari wa ghala. Wachambuzi walibishana vikali kama hii ni njaa ya muhuri wa tatu au ni ile ya kawaida tu inayotangulia, na niliwaona wawili wakikunjana mashati juu ya jambo hilo mbele ya mlango wa shangazi yangu huku Keziah amelala ndani. Waliombwa wasogee kidogo. Walisogea, wakaendelea.

Nilijaribu. Nataka ieleweke kwamba nilijaribu. Nilipeleka unga kutoka nyumbani kwangu, ukakamatwa kwenye kizuizi kama bidhaa inayohujumu dalili. Nilikwenda tena kwa Mheshimiwa Kitambo, akaniambia kufuli sasa ni la kitaifa na yeye ni mtu mdogo. Nilipiga simu Wizarani. Msichana wa upande wa pili alikuwa na sauti ya upole sana, akanieleza kwamba shughuli za kusitisha unabii hazina idara.

Keziah alifariki siku ya Jumamosi mchana. Shangazi aliniambia kwamba asubuhi ile aliomba apelekwe mlangoni mwa ghala, na alipelekwa, na askari, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpisha akae kwenye kivuli. Aliwaambia watu wapange mstari. Hapakuwa na mstari, lakini wachache waliokuwapo waliupanga.

Mchungaji Obedi alikuwa bado yuko semina, kwa hiyo shangazi aliomba mwenyewe kaburini. Hakuomba kwa urefu. Mimi nilisimama pale na tai yangu, nikijua namna ya kuwapanga watu katika mazishi ya waziri, ya askofu, ya meja jenerali, na sikujua nisimame wapi. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na mahali pa kuipeleka isipokuwa kwangu.

*

Siku chache baadaye ikaja taarifa kwamba Kisalala imefikisha asilimia mia. Mtukufu Mlinzi wa Saa aliridhika kwamba dalili zimeiva, na kwa hiyo Dhiki Kuu yenyewe inaweza kuzinduliwa rasmi. Heshima hiyo ikapewa wilaya yetu. Nilitakiwa niandae mahema, jukwaa, utepe, mkasi wenye mpini wa dhahabu, na mwananchi mmoja wa kuipokea Dhiki kwa niaba ya wenzake.

Tulijadili sana ni kitu gani kitakabidhiwa. Uzinduzi wa daraja hukabidhiwa ufunguo wa mfano, uzinduzi wa hospitali hukabidhiwa shuka. Dhiki haina umbo. Mwisho Wizara iliamua kuwa litakabidhiwa kapu kubwa tupu, jipya, lililofungwa utepe wa rangi za taifa. Na kuhusu mpokeaji, Waziri alisema anamkumbuka yule mama wa ukaguzi, yule aliyekuwa na mtoto, kwa kuwa anapendeza kwenye picha.

Nilikwenda Isonge kumwambia shangazi, nikiomba moyoni akatae. Alikuwa anafagia. Aliniuliza kama Waziri atakuwepo yeye mwenyewe au atatuma mtu. Nikasema atakuwepo. Akasema atakuja, ana neno la kumuuliza.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Vijiji vyote vililetwa. Meza kuu ilikuwa na vitambaa vyeupe, maji ya chupa, korosho na viazi vya kukaanga kwa ajili ya wageni, na upepo uliwapelekea wananchi ile harufu bila kujali itifaki. Mheshimiwa Kitambo alisoma risala. Alisema wakati anaipokea wilaya hii ilikuwa nyuma kabisa kiunabii, maghala yakiwa yamejaa na wananchi wamezubaa katika shibe, lakini kwa ushirikiano wa wadau wote leo hii hakuna wilaya inayoweza kusimama mbele yetu. Aliketi akijifuta jasho kwa furaha. Tayari jina lake lilikuwa limeingizwa awamu ya kwanza.

Waziri alizungumza muda mrefu. Alizungumzia baragumu na vitasa, alitaja mafanikio ya Serikali katika kila kimojawapo, akawashukuru wananchi kwa subira yao. Kisha akasema, kwa mamlaka aliyopewa na Mtukufu, anaitangaza Dhiki Kuu kuwa imeanza rasmi kuanzia dakika hiyo. Bendi ikapiga. Mshereheshaji akamwita mwakilishi wa wananchi.

Shangazi Zilpa alipanda jukwaani polepole. Alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani. Waziri alimkabidhi kapu, naye akalipokea kwa mikono miwili kama ilivyo adabu, na wapiga picha wakasogea. Kipaza sauti kilikuwa karibu. Nilikuwa nimekiweka pale mimi.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba kueleweshwa. Umesema Dhiki inaanza leo."

"Leo, mama. Umesikia vizuri."

"Mjukuu wangu Keziah nimemzika juma lililopita. Wewe ulimshika shavu. Kama Dhiki inaanza leo, yeye amekufa katika nini?"

Waziri alimgeukia Katibu Mkuu wake. Katibu Mkuu alifungua hotuba akaipekua mpaka mwisho, akairudia tena mwanzo. Nilimwona Waziri akishika leso, akaiacha. Nafikiri kwa nukta moja alitaka kusema kitu cha kibinadamu, na sitamnyima hilo. Lakini Katibu Mkuu alikuwa ameshamnong'oneza, na uso wa Mheshimiwa ukarudi mahali pake.

"Mama," alisema kwa ile sauti nzito, "pole sana. Kipindi hicho kilikuwa cha majaribio. Waliofariki kabla ya uzinduzi hawahesabiwi katika Dhiki."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Aliliweka kapu juu ya meza kuu, katikati ya korosho, akashuka ngazi, akaanza kwenda. Hakupiga kelele wala hakulia. Mwanamke mmoja wa Isonge alisimama akamfuata. Kisha wengine, wembamba na waliokuwa wanene zamani, safu baada ya safu, wakatoka kwenye jua nililokuwa nimewapangia, mpaka viti vya wananchi vikabaki vitupu na bendi ikapoteza mahali ilipofikia.

*

Askari waliuliza kama wawarudishe. Waziri alisema hapana, kamera zipo. Kilichomsumbua ni kapu. Dhiki imeshatangazwa na redio iko hewani, na haiwezekani kitu kikatangazwa kimeanza na kisiwe na aliyekipokea. Aliangaza macho. Meza kuu yote ilikuwa awamu ya kwanza, na kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Akanitazama mimi.

"Wewe umeajiriwa ngazi gani?"

Nikamtajia. Aligeuka kwa Katibu Mkuu, wakashauriana, na Katibu Mkuu akatikisa kichwa. Kumbe miaka yote ile nilipokuwa nikiwapangia viti, sikuwahi kujiuliza mimi mwenyewe nimepangwa wapi.

"Basi wewe ni mwananchi," alisema Waziri kwa upole. "Pokea."

Nilipokea. Wapiga picha walinielekeza nitabasamu. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba mwananchi wa Kisalala ameipokea Dhiki Kuu kwa machozi ya furaha, na sehemu ya machozi ilikuwa kweli.

Walipoondoka na ving'ora vyao nilivua tai nikaenda Isonge kwa miguu, na kapu mkononi, kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda nalo. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwa amechoka sana, na macho yake yalikuwa mekundu sasa, kwa sababu hapakuwa na watu. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia wamenipa mimi ile Dhiki. Alilitazama kapu, akatazama utepe wake, akanitazama usoni kwa muda mrefu bila hasira.

"Ipeleke uani, mwanangu," alisema. "Iweke pamoja na ile yetu."